Mzee Redio Aliyerudishiwa Maneno Yake

Marehemu, fundi wetu wa makochi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa nne wa mpiga chapa na mkunga. Shuleni alikalishwa dawati la mbele kwa sababu ya mdomo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968, mdomo ukiwa vilevile.

Alijifunza ufundi kwa mjomba wake, na mwaka 1976 akafungua karakana nyuma ya stendi. Wateja walimwita Mzee Redio: ulipeleka kochi libadilishwe kitambaa, ukaondoka na habari za mji mzima, kochi bado. Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa mshonaji wa mapazia aliyekuwa amefuata kiti chake kilichocheleweshwa. "Nilikwenda kugombana," mkewe husema, "nikaishia kuolewa."

Mwaka 2012 kabati lilimwangukia mgongoni. Alipasuliwa, lakini maumivu hayakuondoka. Mofini, dawa kali ya maumivu, iliyatuliza, dozi ikapanda, na miaka ilivyokwenda ikaanza kuondoka naye. Alisinzia kijiko mkononi. Akamwita mkewe kwa jina la dada yake. Redio ikanyamaza, na nyumba ikawa haikaliki.

Daktari alipopendekeza dawa nyingine ya jamii hiyohiyo, alikataa. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Baba watoto, hili limekula mpaka salamu," mkewe akamjibu. "Limebakisha nini?"

Akakubali. Daktari alieleza kwamba mwili umeizoea mofini, si hii mpya. Kwa hiyo angeanza na kipimo kidogo kuliko kile kinacholingana na dozi yake ya mofini, kisha wapande taratibu. Wiki ya kwanza maumivu yalirudi, mwanamume akalia. Mashemeji wakaja juu: "Shemeji, mrudishie mwenzio dawa yake!" Mkewe aliogopa sana. Alimpigia daktari kila asubuhi, wala hakuongeza kidonge kwa huruma.

Wiki ya tatu mgonjwa akaketi kitandani. "Hivi nani katundika pazia hili kinyume?" Mkewe alicheka machozi yakimtoka.

Maumivu hayakwisha, ila yalimwachia nafasi ya kuongea miaka miwili. Tarehe 3 Juni 2024, asubuhi, moyo wake ulisimama akimbishia mkewe taarifa ya habari.

Ameacha mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, wote wasemaji, na mjane. Mjane ameomba lisemwe wazi: wanaomwambia kwamba alishamzoea mgonjwa, na kwamba msiba huu ulianza zamani, wanakosea. Zamani alirudishiwa mumewe. Amefiwa juzi.

Pumziko la amani limfikie.