Eedo Filsan Anaondoka, na Sisi Tumeudhika

Na Bridget Mwende, Wodi ya Wazazi

Ijumaa hii, Novemba 28, Bi. Filsan Hamze anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila wasije wakasema sikuwaonya.

Alizaliwa Galbet, akaanza kazi Eldas katika zahanati ya chumba kimoja, kisha akaletwa hapa Garissa, wodi ya wazazi, ambako amekuwa msimamizi wa zamu hadi leo. Msimamizi wa zamu, basi. Kila nafasi ya muuguzi mkuu ilipotangazwa aliomba, na kila mara akanyimwa kwa maneno yale yale: ana huruma kupita kiasi, hawezi kuongoza. Walioletwa badala yake walikuwa na vyeti vya uongozi vya kutosha kupamba ukuta. Amri zao zilipokwama, walimtuma nani aje kutubembeleza? Eedo. Ndivyo tunavyomwita, yaani shangazi kwa Kisomali, na wakubwa nao humwita hivyo wakiwa na shida.

Muuguzi mgeni akifika kutoka bara, yaani nje ya huku kaskazini mashariki, Eedo humfuata siku hiyo hiyo na themosi ya chai ya maziwa ya ngamia. Haulizi cheti. Anauliza umemwacha nani nyumbani, kisha anaomba namba ya simu ya huyo uliyemwacha. Mama yangu kule Kitui alipigiwa na sauti asiyoijua: "Mama, mtoto yako iko kwangu. Wewe lala." Mpaka leo wanajuliana hali, na nisipopiga simu nyumbani nasengenywa na wote wawili. Chai yenyewe ilinishinda, nikawa naimwagia mwarobaini wa nje. Eedo aliona, akaanza kuniletea ya maziwa ya ng'ombe.

Mwaka ule wa mashambulizi, watu wa bara walipokuwa wakilengwa, sisi tulifunga mabegi. Wakubwa, wakiwa salama Nairobi, walituandikia kwamba atakayeondoka hana kazi. Eedo alikuja na gari la shemeji yake, akatupakia pamoja na magodoro yetu hadi kwake. Watoto wake walilala uani, sisi tukalala vyumbani mwao. Kila asubuhi alitembea mbele yetu hadi kazini, na wodi haikufungwa. Hali ilipotulia, mkubwa mmoja alituzwa kwa uongozi bora wakati wa dharura. Nimeambiwa niiondoe sentensi hiyo. Haiondoki.

Sasa tumeletewa muuguzi mkuu mpya, Bw. Hesbon. Katika kikao chake cha kwanza alisema kazi ya Eedo ni siasa za chai, na Eedo ameketi pale pale. Siku hiyo wauguzi wote wa kutoka bara tuliandika barua za kuomba uhamisho, tukakubaliana kuzipeleka Jumatatu baada ya sherehe. Tukienda sisi, wodi ya wazazi haina zamu ya usiku. Tulitaka aione hiyo siasa kwa macho yake.

Eedo akapata habari. Nilidhani atatukumbatia. Alitugombeza, mara ya kwanza tangu nimjue. Akauliza ni nani kati yetu aliyemuuliza Bw. Hesbon amemwacha nani nyumbani. Hakuna. Yeye alikuwa ameshauliza. Amemwacha mtoto mchanga ambaye bado hajambeba, na jioni anakula mkate mkavu peke yake. Eedo alishampigia mkewe simu.

Nina hasira, Eedo. Nina hasira kwamba walikunyima kiti ulichokikalia bila wao kujua. Nina hasira kwamba unamwonea huruma mtu aliyekudharau mbele yetu, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba uko sahihi. Asante kwa kutulea. Nenda ukapumzike na wajukuu, Mungu akupe afya, na mbuzi wako wa Eldas wapate mvua ya kutosha.

Barua zetu tumezichana. Jumatatu asubuhi nitampelekea Bw. Hesbon themosi. Itakuwa ya maziwa ya ngamia, na nitasimama hapo mpaka aimalize.