Kunguni Waliotaka Kuniondolea Mjukuu

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo, na ninyi wa Chiungutwa mliokuja kwa bodaboda, karibuni, vumbi mtapangusa mkiwa mmekaa. Leo nimesimama mbele ya kikundi chetu cha kina mama kumshukuru Mungu kwa sababu ya kunguni. Chekeni tu. Mkimaliza nisikilizeni, maana mimi nikiyawaza niliyoyaona, mpaka leo nabaki nashangaa.

Mnajua kwetu binti akijifungua mtoto wa kwanza anarudi kwa mama yake amalize arobaini. Wangu alikuwa anatoka Newala. Nikasema mjukuu wangu hawezi kulala kwenye kitanda cha kamba zilizolegea. Nikaenda Masasi mjini nikanunua kitanda cha mtumba, mbao nzito, kina nakshi kichwani, pamoja na godoro lake. Siku ile niliringa! Kila aliyepita njiani nilimwita aje akione.

Binti akaja, mtoto akalazwa. Haukupita muda, kila asubuhi mtoto ana vipele vyekundu mgongoni, vimejipanga mstari. Nikasema mbu, nikakaza chandarua. Vikaongezeka. Nikasema joto. Jirani akaninong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu, na nawaambia ukweli, nilianza kumtazama kwa jicho la pembeni kila aliyekuja kutupa hongera. Wakati huo shuka lina vidoa vya damu, na mshono wa godoro una vitone vyeusi kama vya wino wa kalamu. Nilifua shuka. Godoro sikuligeuza.

Mpaka asubuhi moja nikamwona mdudu anatembea juu ya mto, bapa, rangi ya kahawia. Nikamponda, ile harufu ikanipanda puani. Kunguni! Katika nyumba ninayoifagia kutwa! Aibu ilinishika, sikumwambia hata mmoja wenu. Nikafanya ambacho angefanya mtu wa mikorosho. Niliingia stoo nikachukua salfa iliyobaki msimu uliopita, ile tunayopulizia mashambani, nikaimwaga chini ya godoro na kwenye nyufa zote. Nilijiambia, kama inaokoa maua ya mkorosho, kunguni ni nani?

Ndugu zangu, kunguni hawakufa. Aliyetoka mbio ni mzazi, macho yanamwaga machozi, mtoto anakohoa kifuani kwake. Na hapo hapo mama mkwe wake anaingia uani, katoka Newala kumwona mjukuu. Alimfungua mtoto kanga, akautazama mgongo, kisha akanitazama mimi.

"Mkwe, unisamehe," akasema. "Kesho naondoka na mzazi na mtoto wake."

Binti kuondolewa kwa mama yake kabla ya arobaini, na mjukuu wangu wa kwanza! Nililia mbele yake.

Mama mmoja wa kikundi hiki alikuwepo, alikuwa ameleta uji wa mzazi. Aliweka chupa chini, akaingia chumbani, akaligeuza lile godoro.

"Mama, njoo uone," akaniita. "Usione haya, hata kwangu waliwahi kuingia."

Akachomeka njiti ya ufagio kwenye kiungo cha kitanda changu cha nakshi. Walimwagika! Wakubwa, wadogo, na mayai meupe yameganda ndani ya tundu la skrubu. Nilishika mdomo. Mdudu hana mabawa, lakini anaweza kukaa miezi bila kula, kajibana kwenye ufa mwembamba, anangoja joto la mwili wa mtu. Mungu aliyemuumba huyo, nawaambia, maarifa yake yanatisha. Na salfa yangu ilikuwa imelala juu ya mbao kama unga wa maandazi.

Kumbe yule mama alikuwa ameshawapigia simu ninyi wote. Mkaja na masufuria, mkawasha moto uani. Kitanda kikatolewa, kikafunguliwa vipande vipande, maji yanayochemka yakamiminwa katika kila kiungo na kila tundu. Nguo na chandarua navyo vikachemshwa. Godoro likachomwa mbali na nyumba. Salfa ikapanguswa kwa kitambaa kibichi, nyufa za ukuta zikazibwa kwa udongo. Mkaniambia mayai yaliyosalia yataanguliwa, kwa hiyo mtarudi. Na mkarudi kweli, tena na tena. Mimi niliyewaficha!

Na aliyekuwa anachochea kuni ni nani? Mkwe mwenzangu, kanga kiunoni, jasho linamtoka. Kesho yake hakuondoka. Walihamia sebuleni na mzazi, kwenye mkeka mpya, akasema anangoja aone.

Chumba kilipotulia wakarudi kulala humo. Siku zikapita. Asubuhi moja mkwe mwenzangu akamvua mtoto nguo zote juani, akamkagua mgongo, mapaja, nyuma ya masikio. Ngozi safi. Akamvalisha taratibu, akaniwekea mikononi.

"Arobaini ataimalizia hapa," akasema. "Mimi narudi nyumbani."

Nikakaa chini na mjukuu wangu.

Nawashukuruni, kina mama. Namshukuru na mkwe wangu, ambaye angeweza kuondoka na akabaki. Ninalowaambia ni hili: kitanda cha mtumba kikifika, kifungueni uani kabla hakijavuka mlango, mtazame viungo na mishono. Na ukiwakuta ndani, usikae nao peke yako kwa aibu. Niite. Nitakuja na sufuria langu, na sitamwambia mtu.