Mionzi Kidogo, Picha Safi

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu, Mkurugenzi wa hospitali, masheikh na wachungaji, madaktari wenzangu, ndugu wagonjwa na jamaa zenu: assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni Mahfudha, daktari wa picha. Tunapofungua leo chumba hiki kipya cha kupimia moyo, sitaisifu mashine. Nataka mumjue Bi Zakiya wa Tononoka, aliyeketi pale mbele, ambaye mwaka jana alikataa katakata kupigwa picha.

Kifua kilimbana kila apandapo ngazi. Lakini alikuwa amemuuguza dadake hadi saratani ikamchukua, na neno mionzi lilimtisha, kwani alisikia mionzi mingi huweza kuleta saratani. Akaniuliza, "Daktari, wewe ungemlaza mwanao hapa?"

Mimi na Chirau, anayeendesha mashine, tukaazimia kuipunguza mionzi bila kuiharibu picha. Daktari Oliver, bingwa wetu wa moyo, akapinga waziwazi. "Picha yenye ukungu itamuua mgonjwa kabla ya hiyo mionzi!" Na hofu yake ilikuwa ya haki, kwani yeye ndiye anayepitisha mrija mshipani akiongozwa na picha zetu.

Tulianza na sanamu ya plastiki, mfano wa kifua cha mtu, kisha wagonjwa waliokubali. Tuliwapa dawa ya kutuliza mapigo, mashine ikamulika pale tu moyo unapotulia kati ya pigo na pigo, na kompyuta ikasafisha chengachenga zilizobaki pichani. Tukamwekea Oliver picha mpya na za zamani, tusimwambie zipi ni zipi. Alizikodolea macho, akarudi nyuma, akazitazama tena. "Sioni tofauti," akasema. "Mwiteni Bi Zakiya."

Alikuja, akapigwa picha kwa chini ya nusu ya mionzi ya awali, na tukauona mshipa mmoja uliokaribia kuziba. Oliver akauzibua. Juzi nilimkuta Bi Zakiya kule ufukweni, barabara ya Mama Ngina Drive, akitembea kwa kasi, mumewe Fahmi yuko nyuma anahema!

Je, tuishie hapo? Hasha! Chirau yuko tayari kuwafunza wenzake wa hospitali zote za Pwani, na tunaomba, Mheshimiwa, waruhusiwe kuja. Hatutakubali mtu yeyote apewe mionzi zaidi ya ile ambayo picha yake inahitaji, awe tajiri au maskini, wa kisiwani au wa bara.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Sasa tukate utepe bila kukawia, kwani mgonjwa wa kwanza ameshabadilisha nguo, yuko ndani anatungoja.