Maisha ya Dada Yetu, Mkadiriaji wa Vipato vya Kaunti

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa kazini mliosimama kule nyuma, poleni na safari, mimi ni mdogo wake wa mwisho, nimesukumiwa kazi hii kwa kuwa kaka zangu wamesema sauti zao hazitafika mwisho.

Marehemu dada yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za reli nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, wawili mbele yake na wawili nyuma, ndiyo maana mama alimwita Katikati, na jina hilo likamganda hadi uzeeni. Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya bweni hadi 1977, kisha akahitimu shahada ya takwimu mwaka 1981, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kusema nyumbani kwamba watu wengi wanalalamika bila kuulizwa ni wangapi.

Aliajiriwa idara ya takwimu tarehe 6 Septemba 1982, akapewa chumba ghorofa ya pili, chenye dirisha lisilofunga vizuri, na kazi yake ilikuwa kukadiria, kaunti kwa kaunti, mwaka hadi mwaka, kipato cha kaya ya katikati, yaani ukizipanga kaya zote foleni kuanzia maskini hadi tajiri, ile inayosimama katikati inapata kiasi gani. Kaunti ndogo zilifikiwa na wahojaji wachache, majibu yakawa haba, hivyo aliegemeza makadirio yake kwenye kaunti jirani na miaka iliyotangulia, kama mtu anayepita gizani kwa kushika ukuta.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na fundi miwani, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye hadi leo anajigamba kwamba alimpima mara tatu macho yasiyo na kasoro ili tu arudi tena dukani, na wakajaliwa binti, muuguzi, mwaka 1988, na mwana, fundi umeme, mwaka 1992.

Mwaka 1999, katika kaunti moja ndogo, kiwanda cha nguo kilifungwa, wafanyakazi wakafungasha na kuondoka na watoto wao, wahojaji wakakuta milango ina makufuli, wakaandika kwamba hakuna mtu, wakaenda kuwahoji waliobaki, wenye maduka, walimu na wastaafu. Foleni ilipopoteza maskini wake, katikati ikasogea juu, na kwa kuwa kaunti jirani nazo zilikuwa zinapanda, dada aliona hesabu imekaa sawa, akatia saini kwamba kipato kimeongezeka, na kaunti hiyo ikaondolewa kwenye msaada wa serikali, zahanati yake ikafungwa wakati wagonjwa wangalipo. Alikuja kujua miaka mitatu baadaye, wakati wa chai, mhojaji mmoja alipomtania kwamba ule mwaka walihoji makufuli, wote wakacheka, yeye akaweka kikombe chini.

Tangu siku hiyo hakutulia, tukiwa mezani aliuliza ghafla nani anabisha hodi, akaenda kufungua, hakuna mtu, na sisi tukazoea, hilo linatuuma mpaka leo. Aliomba ofisini mwaka ule urekebishwe, akajibiwa asifukue ya kale, akastaafu Machi 2018, wiki iliyofuata akafunga safari hadi kule, na shemeji anasema alipita nyumba za kiwanda akibisha mlango mmoja baada ya mwingine, majani yamefika kwenye vitasa, na kila mlango aliusubiri kama anayempa mwenyeji nafasi ya kuvaa shati. Muuza mkaa alimuuliza anamtafuta nani, akaenda kubisha mlango uliofuata.

Aliugua moyo kuanzia Oktoba 2022, akalazwa mara nne, akimsihi binti yake asifunge mlango wa wodi, na alikata roho Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunawashukuru majirani mliogeuza nyumba zenu kuwa zetu, na wenzake wa kazini tunawashukuru kwa gari na shada la maua, ila nanyi bado hatujamalizana, maana alinishika mkono akaniagiza niseme mbele ya jeneza lake kwamba tarakimu ile ya 1999 ingali kwenye majedwali yenu, miaka yote iliyofuata imeiegemea, naye alishaukokotoa upya mfululizo mzima wa makadirio tangu mwaka huo, akawakabidhi, mkauweka kabatini. Hakuomba asifiwe, aliomba walioondoka wahesabiwe, kwa hiyo familia imeamua jeneza halitateremshwa mpaka mkubwa wenu aseme kwa kinywa chake kama mfululizo huo utachapishwa.

Pumzika kwa amani, dada yetu, na wewe mkurugenzi, karibu mbele, tunakusikiliza.