Kipimajoto cha Bani la Masolwa

Kijiwe cha Ng'ambo kina sheria yake: Sadiki muuza kahawa hampelekei mtu kikombe. Anaweka vikombe kwenye sinia, anataja idadi, sinia linapita mkono kwa mkono. Ukichukua zaidi ya alichotaja, kesho kanywee kwako. Leo Eustadia, binti wa Cheyo, hata hamu ya kahawa hakuwa nayo. Alikuwa kainamia kompyuta, jasho linamtoka, kando yake kisanduku alichokiunda cha kupimia joto la bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Mjomba wake Masolwa alikuwa kaegesha pikapu, tayari kukipeleka Goweko, ambako tumbaku yake yote ilishapangwa banini ikingoja moto. Shida ni kwamba kisanduku kilisema pale kijiweni pana joto la nyuzi sitini na mbili.

— Sitini na mbili si tungeshakuwa mishikaki? alisema Masolwa. Mpwa wangu, mimi naondoka. Kikiendelea kudanganya nakiacha hapa hapa.

Eustadia aliumia. Msimu uliopita mjomba aliunguza bani zima kwa kukisia joto kwa kiganja, na ni yeye Eustadia aliyeapa haitatokea tena.

— Kwani humo ndani kuna nini? aliuliza Damas, aitwaye Waziri kwa kupenda matamko.

— Kuna programu mbili, kaka. Moja ya lugha ya C, inasoma kipimo. Inaikabidhi nyingine, skripti ya Lua, na hiyo ndiyo inaamua kupiga king'ora.

— Ndo hapo sasa! C ni kizee, Lua kabinti ka juzi. Mzee gani anaripoti kwa mtoto? Imenuna hiyo.

— Acha kamba, Waziri! alidakia Raymundi, maarufu Setelaiti. Hilo joto la Dodoma, limepotea njia hewani.

— Dodoma gani yenye sitini na mbili?

— Basi, ni la wapagazi! Misafara yote ya Ujiji ilipita hapa na mizigo kichwani. Joto lao limebaki ardhini, kisanduku kinalinyonya!

Sadiki akasukuma sinia.

— Kimoja!

Waziri akachukua. Setelaiti akachungulia.

— Mbona kimebaki kingine?

— Kataja kimoja. Ukikigusa shauri yako.

Eustadia akaruka kama kakanyaga kaa.

— Jamani, na mimi nimetaja kimoja! C lazima itaje idadi ya vipimo inavyokabidhi, na mwanzo ilikabidhi joto tu. Mjomba akataka na unyevunyevu, nikauweka juu ya joto, idadi sikubadili. Lua imeambiwa kimoja, imechukua cha juu. Imeuita unyevunyevu joto!

Vidole vikakimbia. Idadi ikawa mbili. Kioo kikaandika joto ishirini na nane, unyevunyevu sitini na mbili. Akakisogeza kisanduku kwenye jiko la Sadiki. King'ora kikalia mpaka mbuzi wakatawanyika. Kijiwe kizima kikasimama kwa shangwe.

— Tumeweza! alinguruma Waziri. Kijiwe hiki ni chuo kikuu!

Theodora, mke wa Masolwa, alikuwa ndiyo kwanza anafika.

— Hongereni. Nyie wawili mlifanya nini hasa?

Waziri akamtazama Setelaiti. Setelaiti akatazama angani.

Masolwa, ambaye hata wanawe wa kuwazaa hajawahi kuwaachia moto wa bani, alimfungulia Eustadia mlango wa mbele.

— Panda, mama. Leo utauwasha wewe.