Bibi Zilpah na Tangazo Alilolisoma Morgan

Jamani, limesomwa! Lote, mwanzo mpaka mwisho, Jumatano saa saba mchana, redioni, na msomaji ni Morgan mwenyewe! Bibi Zilpah Odera anazikwa leo jina lake likiwa safi, na mji mzima umesikia.

Haya, tuanze taratibu. Zilpah alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Ganjoni, binti wa fundi wa reli aliyetoka bara. Alisoma hapo hapo Ganjoni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984. Sauti ilikuwa kali toka utotoni. Kanisani ndiye aliyepewa kusoma matangazo ya ndoa, na siku moja karani mmoja wa bandarini, Dishon, akamngoja mlangoni: "Dada Zilpah, kila wiki wasoma ya watu. La kwetu utalisoma lini?" Wakaoana Agosti 1988.

Mwaka 2001 aliingia redio moja ndogo ya hapa kisiwani, akawa msomaji wa matangazo ya vifo. Alikuwa na sheria mbili, akawafundisha wote waliokuja nyuma yake, Morgan akiwemo. Ya kwanza, karatasi isome yote kabla ya kuingia hewani. Ya pili, tangazo la kifo likishaanza halikatwi, hata nyumba ikiwaka moto, kwa heshima ya marehemu. Hii ya pili ikawa sheria ya kituo. Ya kwanza Morgan aliiona ni kazi ya wazee.

Mei 2016, Mzee Yeslam wa Makadara alipeleka karatasi akialika watu kwenye hitima ya kakake aliyefariki. Morgan akaona jina la juu tu, akatangaza kuwa aliyekufa ni Mzee Yeslam! Watu wakajaa mlangoni wakilia. Mzee akatoka na kikombe cha kahawa mkononi. "Nyinyi mwamlilia nani? Hitima ni ya kakangu. Yangu bado, lakini ingieni, kahawa ipo."

Mji ulicheka. Bibi Zilpah hakucheka, maana Morgan alimwambia mkubwa wa kituo kuwa Zilpah ndiye aliyeinakili karatasi vibaya. Karatasi ya Mzee ilipotafutwa, haikuonekana. Zilpah akafukuzwa, Morgan akakalia kiti chake. Miaka tisa sokoni wakimwita "yule aliyeua mtu redioni." Miaka tisa!

Figo zilianza kumsumbua 2023. Alipoona hali ni mbaya, akamwita mjukuu wake Trizah, akamwambia aandike tangazo la kifo chake. "Sitaki kuzikwa na kosa la mtu mwingine."

Trizah akauliza, "Na akiisoma kwanza, bibi?"

"Nani, Morgan? Yule hasomi hata maandishi ya chupa ya dawa. Andika."

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, alfajiri. Kesho yake Trizah akapeleka karatasi kituoni. Morgan akaipokea, akaingia nayo hewani vile vile.

"Familia ya Dishon Odera inasikitika kutangaza kifo cha Zilpah, aliyekuwa mtangazaji. Marehemu hakumwua Mzee Yeslam redioni. Aliyemwua ni Morgan, anayewasomea hivi sasa..."

Hapo sauti ikakwama. Ganjoni kote watu wakaongeza sauti ya redio. Na tangazo la kifo halikatwi! Akaendelea: "...kwa sababu hasomi karatasi kabla. Kisha akamsingizia marehemu. Marehemu hakumsamehe."

Dishon alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli.

Ameacha mume wake Dishon, watoto wake Bonface na Eddah, na wajukuu Trizah na Griffins. Mzee Yeslam yuko hapa pia, mstari wa pili, mzima kabisa. Morgan hakualikwa.

Lala salama, bibi, kazi umeimaliza.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, tafadhali mpe mwingine asome.