Historia ya Marehemu Fundi Kona na Kiti cha Ukutani

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mliofika kumsindikiza, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kike anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kona mpaka mkasahau kwamba wazazi walimpa jina jingine, na nawaomba mnivumilie nikisoma polepole, kwa sababu mwenyewe aliacha maagizo ya nini kisomwe hapa, na baada ya kubishana naye maisha yangu yote, leo nimeamua kumtii.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya tanuri la matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, mama akiwa mshona mashuka ya hospitali na baba akiwa mlinzi wa ghala, na tangu akiwa mdogo alikuwa na ugonjwa wa kunyoosha vitu, hakuweza kupita kwenye meza iliyokaa upande asiisogeze, hata nyumbani kwa watu, jambo lililomletea mama aibu nyingi na sisi wengine kicheko.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1957 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1964, hesabu akiwa anazipenda na imla zikiwa zinampenda kidogo sana, na kwa kuwa baba aliugua mwaka huohuo, habari ya sekondari ikafungwa, akapelekwa kwa mjomba wetu, fundi wa milango na madirisha, aliyemfundisha kwa mkono mzito na maneno machache. Huko ndiko alikopata jina la Kona, kwa sababu hakukubali kusema kazi imekwisha kabla ya kupima kila kona, akiwa amefumba jicho moja na kutoa ncha ya ulimi, na huko ndiko alikoishika sheria ambayo baadaye aliwaimbia vijana wake kila siku, kwamba kiungo cha mbao kilicholegea hakipigwi msumari, kinafunguliwa, kinakwanguliwa gundi ya zamani, kinatiwa kipande kipya cha mbao, kisha kinafungwa kamba na kuachwa mpaka kikauke. Naomba sheria hiyo muikumbuke, maana tutairudia.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha samani, akafanya kazi kwenye meza ya kuunganisha viti mpaka kiwanda kilipopunguza watu mwaka 1979, ndipo akafungua karakana yake mwenyewe, ile ile mnayoijua, yenye mlango wa bati pembeni mwa kiwanja cha mtaa wetu. Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, ambaye alimkubali, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyekuja kuposa akaondoka ameacha mlango wa kwao haulii tena, na wamejaliwa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, wajukuu tisa, wote wakiwa wamechorwa urefu wao kwenye mwimo wa mlango wa jikoni.

Sasa nifike kwenye kiwanja. Wenye umri kama wangu mnakumbuka kwamba kile kiwanja kilikuwa jalala, tukipita tumeziba pua, kila nyumba imefunga madirisha ya upande ule, na jirani wa nyumba ya tatu humjui hata akisimama mbele yako, mpaka kaka alipochoka kupiga randa huku inzi wakimtua usoni, akachukua reki akaanza peke yake, akaungwa mkono na mwenye duka, kisha na kinamama wa nyumba za nyuma, kisha na sisi tuliokuwa tumesimama tukishauri. Jumamosi tarehe 6 Februari 1988 akatangaza kwamba kila nyumba itoe kiti kimoja, kiti chochote, kiletwe kiwanjani jioni, na sharti lilikuwa moja tu, ukileta kiti chako usikikalie, kaa kwenye cha mwenzako. Watu walimwona kichekesho, lakini walikuja, na kwa kukalia viti vya wenzetu tulijuana, tukajua nani ana kiti kimoja tu nyumbani na nani ana kumi vimefunikwa nailoni, na kutoka kwenye ile duara ya Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ukatoka mtaro wa maji ya mvua, zikatoka taa za kona, ikatoka zamu ya kuwasimamia watoto kazi za shule, na zikatoka ndoa tatu, moja ikiwa ya binti yangu.

Katika duara hiyo marehemu alikuwa na kazi yake, kiti kikilia au kikiyumba watu walinyamaza na kumgeukia, naye alikipindua, akakitazama chini, akatoa hukumu, kwamba hiki kimekosewa na fundi, hiki kimekosewa na mwenye kiti, hiki kipeni maji ya mwisho, na tulicheka, na mwenye kiti alicheka pia, kwa kuwa kesho yake kilikuwa kimetengenezwa. Alikuwa anasikilizwa. Mtu aliyezoea kusikilizwa ana hatari yake, na hili ni neno lake mwenyewe, si langu.

Mwaka 2003 jirani yetu tunayemwita Mama Nesi alifiwa na mume, karani wa posta, bwana mpole aliyekuwa akisikiliza redio barazani kila jioni kwenye kiti chake cha mikono, na mwezi Septemba, mguu wa nyuma wa kiti hicho ulipolegea, Mama Nesi alikibeba mwenyewe mpaka karakana, akamwambia marehemu kwamba amekaa ndani vya kutosha, Jumamosi ya kwanza anataka kurudi kwa watu, na anataka aje na kiti cha mzee. Marehemu alimwambia ondoa shaka. Wiki hiyo alikuwa na madawati ya shule yaliyochelewa, vijana wake walikuwa wanakesha, na Ijumaa jioni, kiti kikiwa bado kimeegemezwa ukutani hakijaguswa, yeye Fundi Kona, mwenye sheria, alipaka gundi juu ya gundi ya zamani, akapiga msumari mmoja, akaufunika kichwa kwa nta, akakipeleka.

Jumamosi tarehe 4 Oktoba 2003 Mama Nesi alikuja amevaa vizuri, akakiweka kiti kwenye duara, akapokewa kwa shangwe, na kwa sharti letu akakaa kwenye kiti cha mtu mwingine, na mwenye duka, ambaye mwili wake mnaujua na yeye mwenyewe anautania, akakaa kwenye kile cha mikono, chai mkononi. Mguu uliachia. Mwenye duka alikwenda chini na kikombe chake, hakuumia, watu wakaangua kicheko, kisha kama kawaida wakanyamaza na kumgeukia marehemu wapate hukumu. Alikipindua kile kiti, akauona msumari wake, nta yake bado mbichi, akajua kwamba neno moja tu la kweli lingemaliza yote, na kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa unamtazama, akasema, "Hiki tusikilaumu, kimemfuata mwenyewe."

Tulicheka. Naisoma hivyo kwa sababu aliagiza isomwe hivyo, kwamba kiwanja kizima kilicheka, na kilicheka kwa muda mrefu, na kicheko kilipoisha Mama Nesi alikuwa ameshainuka, amejitanda mtandio wake, anatembea kwenda kwake taratibu, na kiti amekiacha. Hakurudi tena Jumamosi yoyote. Tukasema ni majonzi, tukasema ana maringo, wengine tukasema asiyependa utani akae kwake, na marehemu alikuwa anatusikia tukisema, akaendelea kupiga msasa.

Wiki hiyohiyo alikifungua kile kiti, akakitengeneza kwa sheria, akakipaka vanishi, na kwa kuwa kukirudisha kulitaka maneno, na maneno yalikuwa yamemkwama, akakitundika ukutani mwa karakana, wateja wakitaka kukinunua anawajibu kina mwenyewe. Wifi alimwuliza kila mwezi atakipeleka lini, akamjibu mwezi ujao. Mara moja alikibeba mpaka getini kwa Mama Nesi, akasikia redio inaongea ndani, akasimama pale kama mtoto aliyevunja dirisha, akarudi nacho. Tangu hapo hakutoa tena hukumu ya kiti cha mtu, tukadhani ni uzee, na mwaka 2012 mtaa ulipomtengenezea kibao cha shukrani kwa kutuunganisha majirani, mlishangaa alivyokipokea bila kutabasamu, akaenda kukiweka nyuma ya magunia ya maranda, na mimi nikamgombeza kwa kukosa adabu. Aliniambia, mtu aliyewakusanya wote akamfukuza mmoja, huyo mnampa kibao cha nini.

Mwaka 2016 alianza kukohoa, na mwezi Agosti 2021 hospitali ilithibitisha kwamba mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mbao la miaka yote ile, akaacha kazi, akawa mtu wa kitanda na mtungi wa hewa. Hapakuwa na mtu wa karibu anayejua kuuendesha ule mtungi, na kabla hatujajua tuanzie wapi, asubuhi moja mlango uligongwa, alikuwa Mama Nesi, amekwisha kustaafu uuguzi, amekuja na mkoba wake, na akaja kila asubuhi tangu siku hiyo. Alimpima, akampangia mito, akamfundisha wifi namna ya kufungua hewa. Wifi alimvutia kiti kila siku, naye kila siku alishukuru akasema amezoea kusimama, kazi yao ndivyo ilivyo. Miezi yote ile hakuketi katika nyumba ya kaka yangu hata mara moja, na kaka aliliona hilo kila asubuhi, akiwa amelala chali, hana pa kugeukia.

Mwishoni alijaribu. Alimshika mkono akasema, "Mama, kile kiti," pumzi ikamkata, na Mama Nesi akamwinua mto, akamwambia, "Pumua kwanza, Fundi. Maneno yapo." Hatujui kama alimaanisha kumhurumia au kumnyamazisha, wala si kazi yetu kujua. Usiku ule kaka alituita wifi na mimi, akatuambia kwa vipande vipande, "Yasomwe mbele ya walewale waliocheka. Msiyapunguze." Alifariki dunia nyumbani kwake, Jumanne tarehe 9 Mei 2023, asubuhi, Mama Nesi akiwa amesimama kando ya kitanda, na ndiye aliyemfumba macho.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua kwa uvumilivu wao kwa mgonjwa aliyekuwa akiwanyooshea vitanda, nawashukuru mafundi wenzake mliotengeneza jeneza hili bila msumari hata mmoja kwenye viungo vyake, ninajua angelipima na angeridhika, na nawashukuru majirani ambao tangu alfajiri mmekuwa mkileta viti, kila nyumba chake, bila kuombwa, na bila mtu kukalia cha kwake.

Mama Nesi, kile cha mikono kilichowekwa pale mbele, karibu na jeneza, ambacho mmekuwa mkikizunguka bila kukikalia, ni cha mzee wako. Hakikuwa kibovu, wala hakikumfuata mtu. Kilikosewa na fundi, na fundi ni huyu. Ukitaka kukikalia hapa, kikalie, ukitaka kukibeba nyumbani, vijana watakusindikiza, na ukitaka kuendelea kusimama, hakuna katika sisi mwenye haki ya kukuuliza.

Kaka, nimeyasoma yote, sikuyapunguza. Pumzika kwa amani.